Tuulizeni jina la mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana tarehe 15 Oktoba inakaribia, siku ambayo watu wa nchi nyingi wanawasha mshumaa saa moja jioni na kuuacha uwake lisaa lizima kukumbuka mimba zilizotoka, watoto waliozaliwa wamefariki na wale walioishi siku chache tu.

Wangu alifia tumboni nikiwa miezi nane. Narudi toka hospitali nakuta kila kitu chake kimeondolewa, nguo, beseni, mashuka, ndugu walikesha wanaficha ili nisiumie na najua kabisa walifanya kwa mapenzi. Siku ya tatu maziwa yakaja. Hakuna aliyenitahadharisha, kifua kimejaa kigumu kama jiwe, kanga imelowa, nimekaa kitandani natafuta hata soksi yake moja nishike sioni. Mwili unajua nimezaa halafu nyumba nzima inajifanya sijazaa. Baadaye sana ndo nikaambiwa kumbe unakamua kidogo tu ya kupunguza maumivu, unaweka kitambaa cha baridi, yanakauka yenyewe. Jamani manesi, mwambieni mama kabla hajaondoka wodini!

Na yale maneno sasa, "utapata mwingine", "afadhali hukumzoea". Sikumzoea vipi wakati kila nikilala alikuwa anaanza kucheza? Hata aliyepoteza mimba ya wiki 10 msimpimie uchungu wake, mimba nyingi za mwanzo zinatoka kwa sababu kromosomu, zile nyuzi za urithi toka kwa baba na mama, hazikukaa sawa toka siku ya kwanza, sio kwa sababu alibeba ndoo au aligombana na mtu, ila asipopata wa kumwambia hivyo atajilaumu usiku kucha.

Nilidhani niko peke yangu. Kumbe Shirika la Afya Duniani linahesabu karibu watoto milioni 2 kila mwaka wanaozaliwa wafu kuanzia wiki ya 28, na zaidi ya asilimia 40 wanafariki mama akiwa tayari kwenye uchungu, yaani wengi wangepona kama huduma ingekuwepo. Hao wote wana mama, wana baba. Mume wangu kila anayekutana naye anamuuliza "mama anaendeleaje", yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza, na kazini alirudi siku ya nne.

Wiki ya pili akaja shemeji yangu mdogo, akakaa kimya muda mrefu, mwisho akasema, "Shemeji, mlimpa jina gani?" Nikamtajia. Akalirudia taratibu kama mtu anayejifunza. Nililia mpaka nikaishiwa nguvu, na usiku ule ndo nikalala kwa mara ya kwanza.

Nawaomba ndugu na majirani, kabla hamjaondoa vitu muulizeni kwanza mwenyewe. Kofia yake moja ilisahaulika nyuma ya mlango, hiyo ndo nitaiweka pembeni ya mshumaa.

Mama yake