Kufunga mpaka wa Manyovu hakutamwondoa kibarua shambani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitie neno katika mjadala ambao hauishi kurudi, kwamba dawa ya wahamiaji haramu katika mikoa ya Kigoma na Kagera ni kuufunga mpaka wetu na Burundi, au angalau kufanya operesheni nyingine ya kuwasaka na kuwaondoa kama ile ya Kimbunga ya mwaka 2013. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi katika kijiji kilicho mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kituo cha mpakani cha Manyovu, na nina ekari tatu za maharage na kahawa kidogo. Wengi wanaotaka mpaka ufungwe nimewasikia redioni; wachache sana nimewaona wakishika jembe huku kwetu.

Atakaye mpaka ufungwe aje kwanza auone. Barabarani pana geti, bendera, ofisi ya Uhamiaji, ofisi ya forodha na foleni ya malori. Ukiiacha barabara ukatembea kama dakika ishirini hivi, unaikuta bikoni ya saruji, alama ya mpaka, imesimama katikati ya migomba, watoto wameikalia wakichunga mbuzi, na mwenye migomba ile ana shina huku na mkungu kule. Mstari huo uliwekwa na Waingereza na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa makubaliano ya Milner na Orts ya mwaka 1919; kabla ya hapo pande zote mbili zilikuwa koloni moja la Wajerumani, na hata mji wa Kigoma wenyewe ulikaa mikononi mwa Wabelgiji hadi mwaka 1921. Sisemi haya ili kudai kwamba mpaka ufutwe. Mpaka ni mpaka, nimeuchora ubaoni kwa miaka thelathini na miwili. Ninachotaka msomaji wa Dar es Salaam au Dodoma akifahamu ni kwamba huku kwetu kufunga mpaka maana yake ni kufunga geti moja na kuacha njia za panya zisizo na idadi, yaani kumzuia mwenye hati ya kusafiria na kumpisha asiye nayo.

Wala siwabezi wenye hofu. Tuliokuwapo miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tunakumbuka mabasi ya Kibondo na Kasulu yakikusanywa Nyakanazi yasubiri askari wa kuyasindikiza kupita porini, abiria wakihesabiwa, kila mtu akiwa ameficha hela yake kwenye soksi. Silaha zilivuka na ujambazi ulikuwapo, na kuna familia ambazo hadi leo hazijasahau. Mtu anayedai ulinzi mkali dhidi ya wavushaji wa silaha anadai haki yake. Tatizo langu ni kwamba kila mjadala huu unapoanza na mtu mwenye bunduki, operesheni yake huishia kwa mtu mwenye jembe.

Huyu mwenye jembe ni nani? Ni kijana, mara nyingi wa miaka kumi na minane hadi ishirini na mitano, anayetoka Makamba au Rutana huko Burundi, ambako shamba la baba yake limegawanywa kwa ndugu hadi halitoshi kumlisha mmoja. Anavuka usiku au alfajiri, wawili au watatu, kwa kuitwa. Nasisitiza neno hilo, kuitwa, kwa sababu katika mjadala wote huu sijasikia likitajwa. Mkulima wa upande wetu anamtuma mtu ng'ambo aseme kuna kazi, wanakubaliana bei ya kila kipande cha shamba, na kijana anakuja na panga lake na sufuria. Analala kwenye kibanda cha nyasi kando ya shamba, anapewa unga na dagaa kwa mkopo utakaokatwa kwenye malipo, na malipo yenyewe anaahidiwa mwisho wa msimu, baada ya mavuno kuuzwa. Karibu kila shamba kubwa la mahindi na maharage katika wilaya za Buhigwe, Kasulu na Kibondo limepitiwa na mikono ya namna hiyo. Langu pia, siwezi kujitoa.

Sasa nieleze jambo ambalo majirani zangu wengi wanalijua na hawapendi lisemwe. Miaka mitatu iliyopita, mkulima mmoja wa hapa kwetu alikuwa na vibarua kumi na mmoja waliomlimia, wakampalilia na kumvunia ekari tisa za maharage. Siku mbili kabla ya ile ya malipo lilipita gari, vibarua wakakimbilia mabondeni, watatu wakakamatwa na wanane wakarudi kwao kwa njia waliyojia, bila hata senti. Gari lile liliitwa kwa simu, na aliyepiga simu ni yeye mwenyewe mwenye shamba. Nilimwuliza uso kwa uso, maana nilimfundisha darasa la nne, akacheka akasema, “Mwalimu, si wahamiaji haramu hao?” Yaani tangu Machi hadi Juni walikuwa vibarua wake, na siku ya kulipwa ndipo wakawa wahamiaji haramu. Maharage yale yalikwenda sokoni Kasulu na kuuzwa kama maharage ya mwananchi mchapakazi.

Hapo ndipo ulipo uzito wa barua hii. Mtu asiye na karatasi ni mtu wa bei nafuu kuliko wote, kwa sababu hawezi kudai. Kadiri mpaka unavyofungwa ndivyo anavyozidi kuwa nafuu, na ndivyo anayemwita anavyozidi kufaidi. Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, inamtia hatiani pia anayemwajiri mgeni asiye na kibali na anayemhifadhi, lakini katika operesheni zote nilizoziona sijawahi kuona mwenye shamba akipandishwa kwenye gari pamoja na vibarua wake. Kama kweli tunataka wapungue, tungeanza na huyo aliyewaita, maana yeye ana anwani.

Watu hutukumbusha kwamba serikali iliwahi kuufunga mpaka huu, Machi 1995, na dunia haikuanguka. Ni kweli iliufunga. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watu wapatao robo milioni walikuwa wamevuka daraja la Rusumo ndani ya takriban saa 24 wakikimbia mauaji ya Rwanda, na Ngara ilikuwa imeelemewa. Lakini waliozuiwa mwaka 1995 walikuwa wakimbizi waliokuja kwa makundi makubwa barabarani, na vigodoro vichwani. Kuwasimamisha watu wa namna hiyo ni kazi ya kikosi na kizuizi. Kijana wa kipande haji kwa barabara. Tena tusichanganye mambo: watu waliorundikana ufukweni Kagunga Mei 2015, kipindupindu kikiwamaliza hadi meli ya Liemba ikawa inawabeba kwa mafungu kuwaleta Kigoma, hao walikuwa wakimbizi, na mkimbizi ana sheria yake. Mwethiopia anayefichwa ndani ya lori akipitishwa kuelekea Tunduma ili afike Afrika Kusini naye ana shida yake nyingine kabisa, shida ya mawakala na madereva; wale zaidi ya arobaini waliokutwa wamekufa Kongwa mwaka 2012 hawakuwa na haja na shamba la mtu yeyote Tanzania. Kuwaweka wote hawa katika kapu moja liitwalo “haramu” kunarahisisha hotuba, basi.

Kuhusu majirani waliojaribu kufunga, sina haja ya kwenda mbali. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Katika miaka hiyo karibu mitatu biashara halali ndiyo iliyokauka. Magendo yaliendelea kupita vichakani, na wapo waliopigwa risasi wakiyavusha.

Kuna gharama nyingine ya operesheni ambayo hailipwi na Warundi, inalipwa na sisi. Muha wa Kigoma na Mrundi wanaelewana wakizungumza, kila mmoja kwa lugha yake, na majina yanayoanza na Nta au Nda yamejaa pande zote mbili. Afisa aliyetoka mkoa mwingine hana namna ya kututofautisha, kwa hiyo hutukisia. Kijana wangu wa mwisho, aliyezaliwa hapa, akasoma hapa na kufaulu hapa, alipokwenda kuomba kitambulisho cha taifa katika ofisi moja ya serikali aliambiwa alete ushahidi wa mahali alipozaliwa babu yake. Babu yake, baba yangu, alizaliwa kabla ya mtu yeyote wa kijiji hiki kujua kuandika. Tulikwenda mara nne. Mara ya tatu nilichukua kadi ya TANU ya marehemu mzee, karatasi imeshakuwa ya kahawia na imeliwa na mchwa kwenye kona moja, nikaiweka mezani. Afisa akaigeuzageuza, akauliza kama ninayo nyingine. Katika safari za basi kuelekea Tabora tumezoea kuteremshwa kwenye vizuizi sisi wa Kigoma na kuulizwa maswali ya historia ya nchi, na nakiri kwamba mara moja nilimsahihisha askari jibu lake mwenyewe, jambo ambalo halikutufikisha mapema.

Kwa hiyo pendekezo langu ni moja, nalo si kubwa. Kiwepo kibali cha kazi za msimu kwa wakazi wa wilaya zinazopakana, cha miezi mitatu, kinachotolewa pale pale Manyovu, Kabanga na vituo vingine vya mpakani, kwa ada ambayo kibarua anaweza kuilipa kwa mshahara wa siku mbili. Vibali vya kazi tulivyo navyo chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti ajira za wageni, ambavyo ada yake hutajwa kwa dola, vilitungwa kwa kumfikiria meneja wa kampuni. Havina habari na mtu wa kupalilia maharage. Kibali hicho kiandikwe jina la mwenye shamba na kijiji, nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji, na mwenyekiti wa kitongoji amwingize kibarua kwenye daftari lake kama anavyomwingiza mgeni mwingine yeyote. Malipo ya mwisho yafanyike mbele ya mtendaji. Atakayekutwa na kibarua asiye na kibali ashitakiwe yeye kwanza.

Nimeambiwa kwamba tukifanya hivyo watakuja wengi zaidi. Watakuja wale wale, kwa idadi ya mashamba yaliyopo, ila tutakuwa na majina yao, na Uhamiaji watapata nafasi ya kumtafuta mwenye bunduki badala ya kukimbizana na wenye sufuria. Nimeambiwa pia kwamba hatuna uwezo wa kuandikisha watu wote hao. Nchi iliyowahoji na kuwapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 wa kundi la wakimbizi wa mwaka 1972, na ambayo sasa imekubaliana na Burundi kujenga reli kutoka Uvinza hadi Musongati, haiwezi kushindwa na daftari la kijiji. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubali tangu mwaka 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa tu, na itifaki ya soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayohusu pia wafanyakazi kuvuka mipaka, ina nguvu tangu Julai 2010. Sisi katika suala la ajira tulichagua kufungua mlango kidogo kidogo, na huenda tulikuwa na sababu. Lakini huku mpakani ajira ipo tayari, imekuwapo tangu enzi za babu zetu, na inaendelea bila kutusubiri.

Maharage ya kwanza tutayavuna mwezi Januari. Jana jioni mkulima niliyemtaja hapo juu alipita kwangu na pikipiki yake, akasimama kunisalimu kwa heshima kama kawaida, akaniuliza kama simjui mtu wa kuaminika wa kumtuma ng'ambo, maana safari hii, alisema, anataka kumi na watano.

Mwalimu mstaafu,
Buhigwe, Kigoma.