Barua ya malalamiko: tulinunua ufukwe usio na macho

Munich, Ujerumani
1 Julai 2024

Kwa Meneja,
Dawati la Safari za Ulaya

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YETU YA ISTRIA, KROATIA, 8–15 JUNI 2024

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mume wangu amekwishajaza fomu yenu ya malalamiko kwa Kijerumani. Kaandika mistari minne, kaweka nukta, kaona kazi imekwisha. Mimi mistari minne hainitoshi. Isitoshe, safari hii hamkuniuzia kwa Kijerumani. Mliniuzia kwa Kiswahili, kwenye simu, "dada" huku na "dada" kule, kwa hiyo nalalamika kwa Kiswahili.

Ili mtu wa ofisini kwenu asijifanye hajaelewa, naanza na jambo ambalo kwa kawaida silisemi. Hoteli mliyotuuzia ni ya ufukweni na kuvaa nguo pale ni hiari. Anayetaka anavaa, asiyetaka anakaa kama alivyozaliwa. Mume wangu kakulia Rostock, na ni bibi yake aliyemfundisha kuogelea katika ufukwe wa Warnemünde, wote wawili bila uzi mwilini, enzi za Ujerumani Mashariki. Kwao jambo hilo lilikuwa la kawaida kama kwetu kukaa barazani kunywa kahawa. Mimi ni mtu wa Tanga. Raskazone tuliogelea na madera yetu, yakiingia hewa yanapanda juu kama puto, na tukitoka majini tunafunikana kanga. Kwa hiyo msifikiri mnasoma barua ya mwanamke aliyezoea mambo haya tangu utotoni.

Mara ya kwanza tulikwenda Septemba 2022, Kroatia ingali inatumia sarafu yake ya zamani iliyoitwa "kuna". Nilikwenda shingo upande. Nilimwambia mwenzangu nitakaa kibarazani na dera langu nisome kitabu, yeye aende akaoge na wenzake. Siku mbili nikakaa hivyo. Siku ya tatu nikashuka kuchungulia, na nilichokiona kikanimaliza nguvu: bibi wa miaka sabini na kitu anajaza fumbo la maneno la gazeti, mzee mmoja anahangaika na kamba ya miwani yake ya kuogelea, mama anampaka mtoto losheni ya jua. Hakuna aliyeinua macho. Kila mtu na taulo lake, maana sheria ya kwanza ya pale ni kwamba huketi popote bila taulo chini yako. Sheria ya pili ni ya simu. Getini wanakubandikia stika juu ya kamera, na ukiibandua unafungashwa virago siku hiyohiyo. Jioni, kwenye mkahawa, kila mtu kavaa na kachana nywele. Nimekwenda fukwe nyingi za watu waliovaa ambako sikuona adabu ya namna hiyo.

Nikakumbuka siku za kabla ya arusi yangu, somo wangu aliponisinga kwa liwa ndani ya chumba kilichofungwa, yeye na shangazi zangu wawili. Sikuwa na uzi mwilini na sikuona haya hata mara moja. Hawakuwa wakinitazama wale, walikuwa na kazi yao. Nikajiambia, na mficha uchi hazai pia. Siku ya nne dera likabaki kibarazani.

Ndiyo maana tulirudi. Na ndiyo maana Februari mwaka huu, nilipopiga simu kwenu kupanga safari ya kutimiza miaka kumi ya ndoa, sikuuliza habari za chakula wala za ukubwa wa kitanda. Niliuliza mambo matatu tu. Je, tutapata upande uleule wa ghuba? Je, ufukwe wote bado ni wa hiari? Je, ile sheria ya simu ingalipo? Kijana wenu akanijibu, na maneno yake nayakumbuka neno kwa neno: "Dada, kila kitu kiko vilevile, hata kitasa hakijabadilishwa." Tukalipa euro 2,380 kwa watu wawili: ndege hadi Pula, gari hadi hotelini, usiku saba, kifungua kinywa na chakula cha jioni.

Tukafika. Ghuba imekatwa katikati kwa kamba yenye maboya ya machungwa.

Upande mzuri, ule wenye sakafu za saruji za kuotea jua na ngazi za kushukia majini, sasa ni wa wageni wanaovaa. Bangaloo tuliyopewa iko huko. Ili tufike sehemu iliyobaki ya hiari ilitubidi tuvae, tubebe kikapu, tupite bwawa jipya la watoto na baa yenye muziki, tutembee kama robo saa, ndipo tufike kwenye miamba mitupu. Pwani ya Istria si ya mchanga kama Pangani. Ni mawe, na penye mawe pana wale viumbe wa miiba mieusi. Zamani tulishuka kwa ngazi bila kuwakanyaga. Sasa ngazi ni ya wenzetu.

Hilo ningelimeza. Hoteli ni mali ya watu, na mwenye nyumba ana haki ya kupanga vyombo vyake. Lisilomezeka ni lililofuata. Wageni wa upande ule hawabandikwi stika. Wamekodishiwa zile boti za kukanyaga kwa miguu, na mchezo wao mkubwa, hasa alasiri, ni kuzungusha boti mpaka mwisho wa kamba waone "wale wa kule". Wanakuja wanne wanne, wanacheka, wanaonyeshana kidole. Jumatatu saa tisa mchana kijana mmoja alisimama kwenye boti akanyoosha simu. Nilikuwa nimekaa juu ya taulo langu nikimenya chungwa.

Naomba hapa mnisome polepole, maana mume wangu hakuliandika. Mwaka 2022 nilikaa pale siku tano na sikuwa uchi. Sikuwa nimevaa, basi. Jumatatu ile, kwa sekunde zile, nilikuwa uchi wa mnyama. Mwili ni uleule na jua ni lilelile. Nikakimbilia majini nijifiche, nikakanyaga nilichokanyaga.

Miiba saba ilitolewa kwenye unyayo wangu wa kushoto katika zahanati ya mjini, kwa kibano, na muuguzi mwenye huruma nyingi. Kwetu wangenipaka utomvu wa papai bichi, ila Istria hakuna mpapai. Siku tatu nilitembea kwa kisigino. Mlinzi wa hoteli alimkamata yule kijana na kumfutisha video mbele yetu. Kama alikuwa amekwishamtumia mwenzake, Mungu ndiye ajuaye. Ninyi ni Waswahili wenzangu, nanyi mna makundi ya WhatsApp ya ukoo kama mimi. Mnajua kitu kikiingia mle kinafika Tanga kabla sijafuta miguu.

Tulilalamika hotelini siku ileile, kwa maandishi. Meneja wa pale hakubishana. Alifungua kompyuta yake akatuonyesha barua pepe iliyopelekwa kwa mawakala wote Novemba 2023, ikieleza kuwa kuanzia msimu wa 2024 nusu ya ufukwe itakuwa ya wanaovaa, pamoja na ramani. Anwani ya ofisi yenu imo. Nakala naambatanisha. Kwa hiyo mwezi Februari, kijana wenu alipokuwa akiniambia habari za kitasa, habari za kamba zilikuwa zimekwishakaa ofisini kwenu miezi mitatu.

Jioni ile nilipiga namba yenu ya dharura. Nilieleza yote, na mguu juu ya mto. Aliyepokea alinyamaza kidogo, nikasikia anazuia kicheko, kisha akasema: "Sasa dada, si mvae tu nguo? Shida iko wapi?"

Shida iko hapa. Kuvaa nguo naweza bila kulipa euro 2,380. Navaa bure hapa Munich kila siku. Mlichotuuzia ni mahali ambapo mtu wa miaka hamsini, mwenye mshono wa upasuaji na tumbo lililobeba watoto wawili, anakaa saa nzima bila jicho la mtu kumpitia juu. Hicho ndicho tulichokilipia. Maji ya Adriatiki yako palepale kwa kila mtu.

Nisiwe mwizi wa fadhila. Ndege ilikwenda kwa wakati, na kwa kuwa Kroatia imeingia Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao, tangu Januari 2023, hatukusimama kwenye foleni ya pasipoti kama mara ile. Chakula kilikuwa kizuri mno. Kuna saladi ya pweza ambayo ningempelekea mama yangu aionje, ingawa angesema imekosa ndimu. Wahudumu wa hoteli walikuwa na heshima kuliko ninyi. Maji ya moto yalikatika mara mbili, hilo silidai. Mume wangu, kunifariji, alinisimulia tena kisa cha Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza, anayesemekana kuogelea bila nguo kisiwani Rab huko Kroatia mwaka 1936. Nikamwambia mfalme hakupangiwa safari na wakala wa kwetu.

Sasa madai. Katika mkataba ninyi ndio waandaaji wa safari, si hoteli. Kwa Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2015/2302, na kwa Sheria ya Kiraia ya Ujerumani kuanzia kifungu cha 651a, mwandaaji ndiye anayewajibika kitu kilichouzwa kisipopatikana, hata kama aliyekibadilisha ni mwenye hoteli. Mume wangu alitaka kupiga hesabu kwa jedwali la mahakama ya Frankfurt, ambalo watu wa huku hulitumia kukadiria punguzo la bei: kelele kiasi hiki, bwawa bovu kiasi kile, hata ufukwe wa bila nguo ulioahidiwa ukakosekana una mstari wake. Macho hayana mstari. Kwa hiyo nimekadiria mwenyewe. Nataka nusu ya bei, euro 1,190, na euro 60 za zahanati, risiti imo. Nataka pia ile picha ya zamani ya ghuba, isiyo na kamba, iondolewe kwenye kijitabu chenu. Mpaka jana jioni ilikuwa bado inawavutia watu wengine.

Limebaki moja, na nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko miiba. Jumamosi iliyopita tulialikwa arusini. Nimeketi na sahani yangu ya pilau, akaja mwanamke ambaye hata jina lake la pili silijui, akaniinamia sikioni akaniuliza, kwa tabasamu, kama safari hii nimepata rangi ya jua mwili mzima. Watu wawili walio mbele yake wakatazama sahani zao.

Hatukumwambia mtu yeyote tunakokwenda. Watoto wetu wanajua tulikuwa "Kroatia, baharini". Dada yangu hajui. Siri ya mtungi aijuaye kata, Ndugu Meneja, na kata ni ofisi yenu. Simtaji mtu kwa kuwa sikumwona akisema. Lakini yule mwanamke hakuwa kwenye boti kule Istria.

Kwa jambo hilo sitaki fedha. Kanuni ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu Mei 2018, inanipa haki ya kuambiwa ni taarifa gani zangu mnazo na zimefika kwa nani, na mnayo nafasi ya mwezi mmoja kunijibu. Nadai jibu hilo kwa maandishi, likiwa na sahihi yako mwenyewe. Nadai pia kwamba yule aliyepokea simu ya dharura anipigie yeye, si mwingine kwa niaba yake, aniambie ni kipi kilichomchekesha.

Kuhusu fedha nawapa siku kumi na nne kuanzia tarehe ya barua hii. Baada ya hapo faili litakwenda kwa wakili, na huyo atawaandikia kwa Kijerumani.

Naambatanisha mkataba, nakala ya barua pepe ya hoteli, malalamiko tuliyoyatoa kule tarehe 10 Juni, risiti ya zahanati, na picha mbili za kamba. Kwenye picha hizo hakuna mtu. Tulisubiri mpaka wote walipotoka majini ndipo tukapiga.

Jibu lipelekwe kwenye anwani iliyo katika mkataba, kwa jina langu, ndani ya bahasha iliyofungwa. Tafadhali msimpe mtu wa kuniletea.

Wako,

Mteja wenu wa 2022 na 2024
(jina na namba ya safari vimo kwenye fomu ya mume wangu)