Mwenzenu nafundisha wanangu nyumbani, Igombe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nijitambulishe, maana huku kwetu ukisema watoto unawafundisha mwenyewe watu wanakuangalia kwa jicho la ajabu, wengine wanauliza kabisa we dini gani, si ndo wale wanaokataa shule na hospitali? Hapana jamani. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igombe, Ilemela hapa Mwanza, mume wangu ananunua dagaa kwa wavuvi anapeleka mwaloni Kirumba, mimi nilisomea ualimu Butimba na nimefundisha shule ya msingi kabla ya kuacha. Ni Msabato, nimezaliwa humo nimeolewa humo. Kanisa letu lina shule zake, lina Chuo Kikuu cha Arusha, lina hospitali ya Heri kule Kigoma, kwahiyo wa kukataa shule sio sisi.

Sababu ni huyu wa kati. Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wanaouita sikoseli. Kanda ya Ziwa ugonjwa huu uko mwingi, nenda kliniki Bugando uone mabenchi yalivyojaa akina mama. Mtoto wa hivi anatakiwa anywe maji kila mara, na akinywa lazima atoke kwenda chooni kila mara, asipigwe baridi, asichoke sana, homa ikipanda usisubiri kesho, sasa muweke kwenye darasa la watoto mia na mwalimu mmoja, huyo mwalimu atamwona saa ngapi? Simlaumu, na mimi nimesimama mbele ya darasa kama hilo. Lakini mwanangu alikua akibanwa na maumivu ya miguu anaambiwa mvivu, asipoonekana wiki anaambiwa mtoro, akirudi wenzake wako mbali, mpaka akawa anaogopa hesabu kabisa. Mimi na baba yao tukafunga tukaomba, alafu tukaamua nifundishe mwenyewe, tena wote watatu, maana ukimtenga mmoja atajiona yeye ndo mgonjwa wa nyumba.

Asubuhi tunaanza na wimbo na lesoni, yaani somo la Biblia la kanisa letu, kila mtoto anasoma fungu lake kwa sauti, na kusoma kwao kumetokea hapo hapo. Baada ya chai ni vitabu vya Taasisi ya Elimu, vilevile vinavyosomwa shuleni, sijabuni mtaala wangu. Ila hesabu tunafanyia kwenye vichanja vya dagaa. Huyo huyo aliekua anaogopa hesabu sasa ivi ndo anashika daftari la baba yake, sado ngapi zimeingia, gunia limeuzwa bei gani, toa nauli toa chumvi, imebaki faida gani, na mvua ikizipiga kabla hazijakauka zinashuka bei zinauzwa za kuku, apige asilimia tumepoteza ngapi. Sayansi nayo iko hapo, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa hazifuati taa na wavuvi wanapumzika, basi wanangu wanachora mwezi kila jioni na wanajua wiki gani baba yao hana mzigo. Bibi yao anawasimulia kwa Kisukuma, hilo nalo ni somo na silipimi.

Ijumaa jua halijazama dagaa zote zimeanuliwa, maji yamechotwa, tunafungua Sabato, na kesho yake hakuna daftari wala mzani hata mteja aje na hela mkononi.

Sasa ombi langu kwa wizara. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto akifika miaka saba aandikishwe shule, na wangu wameandikishwa, mwalimu mkuu aliona makaratasi ya hospitali akatuelewa na mkubwa alifanya upimaji wa darasa la nne palepale na wenzake. Lakini tunaishi kwa huruma ya mtu mmoja, akihamishwa je? Mtu mzima aliekosa sekondari anafanya QT, ule mtihani wa kupima kama anafaa, alafu anafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, hakuna anaemuuliza alisomea wapi. Lakini mtihani wa darasa la saba usajili ni kupitia shule. MEMKWA ipo, lakini ile ni ya waliokosa shule na wangu hawajakosa, wanasoma kila siku. Tunaomba uwepo utaratibu ulioandikwa kwa mtoto anaesoma nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, asajiliwe shule ya karibu, apimwe kila muhula, akaguliwe, alafu afanye mtihani kwa jina lake bila mzazi kwenda kubembeleza ofisi.

Na huo ukaguzi siuogopi. Afisa elimu kata akitaka kuja aone madaftari aje hata bila taarifa, siku yoyote isipokua Jumamosi.

Mama wa watoto watatu,
Igombe, Mwanza