Kitabu chako bado kiko kwangu

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na mama anakusalimu. Najua umenyamaza kwa sababu ya kitabu chako cha C, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Mimi nimenyamaza kwa aibu, maana siku ile kwa shemeji niliapa mbele ya watu kwamba Brian Kernighan ndiye aliyeibuni lugha hiyo, tukawekeana dau la sinia la biriani, kisha nikakiazima ili nikusute. Dibaji ndiyo iliyonisuta mimi.

Lugha ni ya Dennis Ritchie, kama ulivyosema. Aliijenga katika maabara ya Bell Labs, New Jersey, Marekani, juu ya lugha ya B ya mwenzake Ken Thompson, ambayo nayo ilichipuka kutoka lugha ya BCPL ya Martin Richards wa Chuo Kikuu cha Cambridge. B haikujua aina za data, yaani haikutofautisha herufi na namba. Kila thamani ilikuwa neno moja zima la kumbukumbu, na hilo liliifaa kompyuta ya PDP-7, lakini ilipokuja PDP-11, inayohesabu kumbukumbu baiti kwa baiti, kushughulikia herufi mojamoja kukawa taabu, ndipo Ritchie akaongeza aina za data. Mwaka 1973 kiini cha Unix, mfumo endeshi wa kompyuta wa maabara hiyo, kikaandikwa upya kwa C, wakati ambapo kazi ya namna hiyo kwa kawaida ilifanywa kwa lugha ya asembli, iliyo karibu kabisa na amri za mashine yenyewe. Hapo nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji.

Kernighan aliandika mafunzo mafupi ya C, akamshawishi Ritchie waandike kitabu, na mwongozo rasmi wa Ritchie ukawa kiambatisho. Kilitoka mwaka 1978 kikiwa na kurasa 228 tu, na kwa miaka zaidi ya kumi, hadi kiwango cha 1989 cha ANSI, shirika la viwango la Marekani, kiambatisho hicho ndicho kilichokuwa mwamuzi wa mabishano. Jina la Kernighan limetangulia jaladani, nami, kwa bahati mbaya, nilikuwa nimesoma jalada peke yake.

Hata hivyo ile programu ya kwanza, ya kuisalimu dunia, ni ya Kernighan. Alikwisha kuitumia alipofundisha B. Je, hiyo hainipunguzii hata nusu sinia? Hiki chako ni toleo la pili, la 1988. Lile la kwanza unalo? Mdogo wako amekwisha kuanza chuo, au naweza kukaa nacho hadi nimalize sura ya vielekezi, vile vinavyoshika anwani za kumbukumbu? Na shemeji, bado anacheka?

Wako,
mdaiwa wako