Barua kwa Mama Zawadi kuhusu mahali pa kumweka Baba

Mpendwa Mama Zawadi,

Salamu nyingi zikufikie wewe pamoja na wote waliopo nyumbani. Sisi huku tu wazima, isipokuwa Baba, naye ndiye sababu ya barua hii baada ya ukimya mrefu ambao nadhani tumechangia sote wawili, kwa hiyo tusilaumiane.

Habari za kiharusi najua ulizipata kwa Mwalimu, ambaye hapitwi na jambo. Pengine hakukueleza hali ilivyo sasa. Upande wa kulia umelegea na maneno yamemtoka. Anaelewa kila unachomwambia, hukukazia macho na kutikisa kichwa, lakini akitaka kujibu humtoka neno moja lile lile lisilohusiana na ulichomuuliza. Hospitali wanasema matibabu yao yamekamilika na kilichobaki ni matunzo ya kila siku, na sisi watoto, baada ya vikao vilivyokaribia kutugombanisha, tumekubaliana kwamba kumwinua, kumgeuza na kumlisha usiku na mchana ni kazi inayohitaji watu walioisomea. Kwa hiyo tunamtafutia nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee, na hapo ndipo nilipokwama.

Katika mji mkubwa mtu huchagua; katika mji mdogo kama huu mtu huulizwa tu kama anataka au hataki. Nyumba zenye wauguzi ziko mbili: ile kongwe iliyo nyuma ya hospitali na ile mpya ya kando ya barabara kuu. Kongwe ina orodha ya wanaosubiri. Mpya ina nafasi hata leo, jambo ambalo kaka analiona ni bahati na mimi naliona ni swali. Wanataka jibu letu kabla ya mwisho wa juma, na msimamizi amenipigia simu kunikumbusha kwa sauti tamu kama ya mwenye kuuza kiwanja.

Nikueleze nilichokiona. Katika ile mpya tulitembezwa na msimamizi mwenyewe, na kwa kuwa kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, tulionyeshwa ukumbi, samaki wa mapambo, na chumba cha mazoezi ambacho vifaa vyake bado havijavuliwa nailoni. Mimi nilibaki nyuma kidogo mbele ya chumba kimoja kilichokuwa wazi. Bibi aliyelala humo alikuwa amewekewa glasi ya maji juu ya kimeza kilichosukumwa hadi miguuni pa kitanda, na kamba ya kengele ya kumwita mhudumu ilikuwa imeviringishwa juu ukutani, nadhani ili isiwasumbue wapiga deki. Tulipomaliza ziara na kurudi kwa njia ile ile, glasi ilikuwa imejaa vile vile. Wewe unajua kuliko mimi kwamba mtu akizeeka kiu humpungua hata kama mwili unahitaji maji, na kwamba upungufu huo ndio huleta kufunga choo, maambukizi ya njia ya mkojo, kisha kuchanganyikiwa kwa ghafla ambako watu hukuita uzee. Baba hawezi kuomba maji. Atakaa akiitazama glasi hiyo mpaka mtu akumbuke.

Ile kongwe rangi imebanduka, na korido ni nyembamba kiasi kwamba viti viwili vya magurudumu havipishani. Kaka alitoka akikunja uso. Lakini nilimwona mhudumu mmoja wa makamo akimlisha mzee, nikasimama kumtazama kama mtu anayetazama mechi. Alivuta kiti akaketi, akamnyoosha mzee mgongo kwa mto, akampa kijiko kwa upande wa mdomo ulio mzima, akasubiri, akamtazama koo mpaka akameza, ndipo akachota kingine. Hakuwa na haraka wala hakuwa akipiga soga na mwenzake juu ya kichwa cha mzee. Daktari alishatuonya kwamba baada ya kiharusi chakula kinaweza kuingia njia ya hewa na kuleta nimonia, kwa hiyo kwangu kijiko kile kina uzito kuliko samaki wote wa ukumbini. Nilimuuliza amefanya kazi hapo kwa muda gani, akacheka, akasema amewakuta wasimamizi na kuwaaga.

Hilo ndilo ninalolizungukia kila siku: ni nani hasa atakuwa na Baba, hasa usiku, wakati msimamizi amelala kwake. Niliuliza katika nyumba zote mbili ni watu wangapi hubaki zamu ya usiku kwa wazee wangapi, na kati yao wauguzi ni wangapi. Kongwe walinitajia hesabu yao papo hapo, nayo si ya kujivunia. Mpya walinijibu kwamba “wafanyakazi wanatosha kulingana na mahitaji,” sentensi ambayo nimeigeuza kila upande bila kupata ndani yake mtu hata mmoja. Mtu asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa kwa ratiba, mara nyingi kila saa mbili, kulingana na hali ya ngozi yake na godoro alilolalia. Asipogeuzwa, vidonda vya kulalia huanza palepale ulipotufundisha kuangalia wakati wa Bibi: visigino, nyonga na mfupa wa chini ya mgongo. Vidonda hivyo vinaweza kuanza katika muda mfupi na kuchukua miezi kupona. Niliomba kuona namna wanavyoandika nani kageuzwa saa ngapi. Kongwe walinifunulia daftari, wakiwa wameficha majina kwa karatasi. Mpya waliniahidi kunitumia maelezo kwa barua pepe, nami bado naingoja.

Kuna na suala la dawa za kutuliza, ambalo kaka anasema nalikuza. Baba hana ugonjwa wa kusahau, lakini mtu aliyenyimwa maneno hupiga meza na kusukuma mkono wa anayemvisha, na ninaogopa mahali penye wahudumu wachache ataonekana mkorofi na kulazwa kwa kidonge. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, wakipewa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, huongeza hatari ya kifo, na mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa kuzihusu na zile za zamani. Onyo halikumlenga mtu kama Baba, nakubali. Hata hivyo nataka iandikwe katika mkataba kwamba hakuna dawa ya namna hiyo itakayoanzishwa kabla ya mmoja wetu kuelezwa sababu.

Tabu ya mji mdogo ni kwamba hakuna anayesema ukweli kwa sauti. Mpishi wa nyumba hii ni shemeji wa fulani, daktari anayezungukia nyumba zote mbili ni yule yule, na ukiuliza habari zao mtu hutazama kwanza nani amesimama nyuma yako. Faida yake ni kwamba waliowahi kufanya kazi humo wakaacha unakutana nao kila mahali. Dada wa maabara ameniambia, bila kutaja sababu, kwamba wahudumu wa ile mpya hubadilika kabla hawajajua majina ya wazee. Nilipomuuliza zaidi akaanza kusifu hali ya hewa.

Kaka sasa ameleta wazo la tatu: tumpeleke Baba katika nyumba kubwa yenye sifa, katika jiji lililo mbali na sisi sote, ambako kuna mtaalamu wa kurudisha usemi anayefika kila wiki. Siwezi kulipuuza, kwa kuwa mazoezi ya usemi ndiyo yanayoweza kumrudishia Baba walau maneno machache, na huku hatuna mtaalamu wa kudumu. Lakini nani atakayemtembelea? Mimi naamini mzee anayetembelewa mara kwa mara, na kwa saa zisizotabirika, hutunzwa kwa uangalifu zaidi hata pale ambapo hakuna mwenye nia mbaya, kwa sababu kuna jicho litakalouliza mbona shati ni la jana. Kule mbali tutakuwa wageni wa sikukuu. Kaka hujibu kwamba tutapiga simu ya video. Kumpigia simu mtu asiyeweza kusema!

Mkataba wenyewe nimeusoma mpaka mwisho. Kinachonitatiza ni vipengele viwili tu: akilazwa hospitali, kitanda chake kinashikiliwa kwa muda gani na tunalipia nini, na hali yake ikizidi kuwa mbaya, wanaendelea naye au wanatuambia tumchukue. Mpya hawataji lolote kuhusu hilo la pili.

Sasa nakuomba, kwa miaka yako yote ya wodini, unisaidie. Ungekuwa wewe, ungengoja nafasi ya ile kongwe huku Baba akikaa kwangu na muuguzi wa kukodi kwa muda, au ungemweka kwanza katika ile mpya ukimfuatilia kila jioni? Je, kumhamisha mara mbili kutamvuruga kiasi gani mtu wa hali yake? Kuna swali gani ambalo wauguzi huogopa kuulizwa na ndugu wa mgonjwa, ili niliulize? Yale mazoezi ya usemi tunaweza kufundishwa sisi wenyewe, mtaalamu akawa anakuja mara mojamoja tu? Na zaidi ya yote, unaweza kuja siku moja kabla ya mwisho wa juma, tuingie ile mpya usiku, baada ya saa za chakula, bila kutoa taarifa? Mimi nitazungumza na msimamizi wa zamu, wewe utazame kengele na visigino.

Kama huwezi kuja, nipigie simu jioni, usiandike, maana posta unaijua. Mwambie Mama mkubwa kiti chake cha kuogea nitamrudishia tukishapata jibu, kwa sasa bado tunakitumia.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Tumaini