Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Watoto Waliokinzana na Sheria, Tanga

Ndugu wanachama, salaam.

Mwaka huu sehemu kubwa ya nguvu zetu ilikwenda kwenye umri wa mtuhumiwa. Kijana wa miaka 16 akikamatwa Ngamiani au Makorora, mara nyingi hutazamwa kimo na ndevu, kisha hati ya mashtaka inaandikwa miaka 19. Kwa namba hiyo anafikishwa mahakama ya watu wazima, na dhamana ikishindikana analala gerezani na wazoefu. Kuirekebisha baada ya shtaka kusomwa huchukua wiki kadhaa.

Sheria ya Mtoto ya 2009 haina utata. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kifungu cha 113 kinaitaka mahakama ichunguze umri, na cha 119 kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Akikosa dhamana, pake ni mahabusu ya watoto, nayo Tanga tunayo.

Kwa hiyo msaidizi wa kisheria akipigiwa simu, siku hiyo hiyo atafute cheti cha kuzaliwa. Kama kimetolewa juzi, kitatiliwa shaka. Kiambatanishwe na karatasi ya zamani: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au nakala ya rejesta ya darasa la kwanza yenye muhuri wa mwalimu mkuu. Kiapo cha mzazi peke yake ni dhaifu. Vipimo vya meno na mifupa navyo vinaweza kupishana na umri halisi kwa miaka miwili, na kwa kijana wa miaka 17 miaka miwili ndiyo kesi yenyewe.

Baadhi yenu mmeuliza kama ukali usingewatuliza vijana. Marekani majimbo mengi yaliwapeleka vijana mahakama za wakubwa, na mwaka 2007 jopo huru la wataalamu wa afya ya jamii likapitia tafiti zake. Waliopelekwa huko walirudia uhalifu kwa takriban theluthi moja zaidi ya wenzao waliobaki mahakama za watoto. Mimi sishangai. Kijana anatoka hana shule, ana rekodi, na marafiki aliobaki nao ni wale wa ndani.

Udhaifu wetu uko kwenye kurudi nyumbani. Shule ya maadilisho, anakopelekwa mtoto aliyetiwa hatiani badala ya gerezani, iko Irambo, Mbeya, na mzazi wa Pangani au Muheza hana nauli ya kwenda kumwona mwanawe. Mtoto anarejea kwa watu waliokwisha kumzoea kuwa hayupo, na mtaani ameshabandikwa jina la mwizi. Napendekeza mwanachama wa kata aonane na familia na afisa ustawi wa jamii miezi mitatu kabla hajatoka, wakubaliane atalala kwa nani na nafasi yake ya shule au ufundi iko wapi. Serikali imeruhusu waliokatisha masomo kurejea tangu mwishoni mwa 2021, lakini mwalimu mkuu lazima afuatwe mapema, kabla muhula haujaanza.

Mhazini atawasomea makadirio ya nauli za wazazi. Naomba myapitishe leo.