Mama aambiwe mapema ngozi ya mtoto itakavyokuwa baada ya chanjo

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie jambo ambalo sisi watu wa Mombasa tumezoea kulimaliza wenyewe, barazani na kwenye kemisti, ilhali mahali pake ni kliniki, kabla mama hajamfunga mwanawe leso akaondoka. Nazungumzia vipele, uvimbe na vidonda vinavyomtokea mtoto baada ya kudungwa chanjo.

Niseme mapema kwamba chanjo sizipingi. Nina umri wa kukumbuka surua ilivyokuwa ikipita Majengo nyumba hadi nyumba, na watoto walioinuka kitandani macho yao hayaoni tena. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1980, na wajukuu zangu ugonjwa huo wanausikia kwa kusimuliwa tu. Ndiyo maana inaniuma nikimwona mama kijana aliyempeleka mwanawe kuchanjwa akiwa na wiki sita, kisha wiki ya kumi hakurudi kwa kuwa paja la mtoto lilivimba na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba huenda likavimba.

Jirani yangu huku Kisauni alimpeleka mwanawe wa miezi tisa kudungwa chanjo ya surua na rubela. Siku za mwanzo mtoto alikuwa mzima, anacheza. Wiki iliyofuata akaamka na joto, vipele vimemjaa usoni na vinashuka kifuani. Barazani kila mtu akawa na lake. Mmoja alishika kwamba hiyo ni surua yenyewe, afungiwe ndani, asioge. Mwingine akasema ni kijicho. Kwenye kemisti akauziwa mafuta ya kupaka na chupa ya dawa ya mzio, na wala hakuulizwa mtoto amechanjwa lini. Aliyemtuliza ni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu. Alimtazama mtoto anavyopumua na anavyonyonya, akaomba kitabu cha kliniki, akahesabu siku tangu tarehe ya sindano, kisha akamwambia, "Mama, vipele hivi ni vya chanjo, haviambukizi mtu. Mwogeshe, mnyonyeshe, na baada ya siku mbili tatu vitakuwa vimeisha." Na vikaisha.

Kuhesabu siku tangu tarehe ya sindano ni maarifa ambayo kila mama angeweza kuondoka nayo kliniki, kwa sababu kila chanjo ina wakati wake wa kujionyesha kwenye ngozi. Ile ya mapajani, wanayodungwa watoto katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kuwakinga na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na vimelea vya homa ya uti wa mgongo, huonyesha mapema: siku hiyo hiyo au kesho yake paja linavimba, linauma likiguswa, mtoto analia anapovalishwa nepi. Baada ya siku mbili tatu hali inatulia. Wakati mwingine linabaki donge dogo chini ya ngozi, haliumi, nalo huweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kuyeyuka. Ya surua na rubela inanyamaza kwanza, halafu vipele na homa hutokea kati ya siku ya 7 na ya 12, na ni kwa watoto wachache tu. Ile ya kifua kikuu, ya mkono wa kushoto anayodungwa mtoto mchanga, ndiyo inayokawia kuliko zote. Mama ameshasahau, arobaini imekaribia, na hapo mkononi panainuka kipele, kinatunga usaha, kinapasuka na kuwa kidonda. Hupona chenyewe kwa miezi miwili hadi mitano na kuacha kovu. Nimeona kipele hicho kikikamuliwa kwa vidole, nimeona kikimwagiwa spiriti na unga wa vidonge, wakati kinachotakiwa ni maji safi, kukaushwa taratibu na nguo isiyobana. Kisikamuliwe, kisifungwe bendeji, kisipakwe kitu.

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia likizungumzwa, nami nalitia uzito. Mama akibahatika kuelezwa, huambiwa atazame kama ngozi "imekuwa nyekundu". Karatasi nyingi za maelezo zina picha za watoto weupe wenye mapaja mekundu kweli. Mtoto wetu mweusi paja lake haliwi jekundu kwa kuonekana hivyo. Pale penye uvimbe huwa peusi zaidi kuliko pembeni, au pa zambarau, ngozi imevutika inang'aa. Mara nyingi macho hayaoni kitu na mkono ndio unaojua: weka kiganja hapo, kisha kiweke paja la pili, usikie tofauti ya joto na ugumu. Vipele vya chanjo ya surua navyo kwenye ngozi nyeusi huonekana kama ukavu au chunusi ndogo ndogo, na vinagundulika upesi ukimgeuza mtoto ubavu dirishani, mwanga umpige kwa upande. Muuguzi anayewafundisha kina mama wa Kongowea na Changamwe awafundishe kwa ngozi waliyonayo.

Na hapa kwetu kuna harara. Kuanzia Januari hadi Machi, jua la kaskazi likichoma na upepo umekatika, ni mtoto gani asiyetoka harara shingoni, mgongoni na kwapani? Akichanjwa katika miezi hiyo, harara yote inasingiziwa sindano. Harara hufuata mahali jasho linapojikusanya, haina homa, na hupungua mtoto akivuliwa nguo nzito na kuogeshwa maji ya baridi kiasi. Mama akielezwa tofauti hii hatapoteza pesa.

Pesa zenyewe zinapotea kwenye mafuta. Wapo wauzaji wa dawa ambao kila kipele kwao kina tyubu moja, ile iliyochanganywa steroidi kali na dawa ya fangasi na ya bakteria. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba na dawa hizo zinapenya hadi damuni, na zikipakwa kwa muda mrefu hufanya ngozi iwe nyembamba zaidi. Dawa za mzio zinazoleta usingizi nazo si za kumpa mtoto mchanga bila daktari. Nyumbani nako tuna yetu: dawa ya meno juu ya uvimbe, kiazi kilichokatwa, liwa, kukanda kwa maji ya moto na kusugua lile donge ili "lilainike". Kina bibi wenzangu, tunafanya kwa mapenzi, lakini maji ya moto juu ya paja lililovimba yanaongeza uvimbe na yanaweza kumbabua mtoto. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi, kikakamuliwa na kuwekwa juu, kinatuliza. Kunyonyeshwa kunatuliza kupita vyote. Homa au maumivu yakizidi kuna parasetamoli ya watoto, kwa kipimo cha uzito wake kama alivyosema muuguzi, na aspirini asipewe kabisa.

Hayo ndiyo ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni machache sana, ila mama asiyeambiwa hawezi kuyatofautisha. Mzio mkali huja mapema, ndani ya dakika chache hadi saa moja: mabaka yaliyoinuka yanasambaa mwilini, midomo na kope zinavimba, mtoto anakoroma kwa shida ya pumzi, anatapika au analegea. Hutokea takribani kwa mtoto mmoja katika dozi milioni moja, na tiba yake ni sindano ya adrenalini hapo hapo. Ndiyo sababu ya kuambiwa ukae kliniki nusu saa. Nawaona kina mama wakinyanyuka mara tu baada ya sindano kuwahi matatu au feri ya Likoni. Ukiwa katikati ya kivuko, au umekwama kwenye msongamano wa daraja la Nyali, huna muuguzi wala adrenalini. Benchi lile ni sehemu ya chanjo, na kliniki iweke kivuli na maji ya kunywa ili mama akubali kulikalia.

Mengine ya kurudishwa hospitali ni uvimbe unaozidi kukua baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, unaobonyea na kuwa na usaha, tezi ya kwapa la kushoto inayokua na kulainika baada ya ile chanjo ya mkononi, na vipele vyovyote vyenye malengelenge au vya mtoto aliyekataa kunyonya.

Paja kuvimba au vipele vya siku mbili havimzuii mtoto kupata dozi inayofuata. Kinachozuia ni mzio ule mkali, na hapo daktari ndiye anayeamua chanjo ipi iachwe na zipi ziendelee. Mama anayekatiza baada ya dozi ya kwanza anabaki na mtoto ambaye kifaduro bado kinaweza kumpata, na kifaduro kwa mtoto wa miezi mitatu kinaua.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa faida na madhara ya huduma anayopewa, kwa lugha anayoielewa inapowezekana. Afya imekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa idara ya afya ya Kaunti ya Mombasa. Najua wauguzi ni wachache na foleni ni ndefu. Wanachotakiwa kusema kwa kila sindano kinachukua dakika moja: utaona nini, lini, na kipi kikukimbize hapa. Yaandikwe kwa Kiswahili kwenye bango ukutani, mbele ya lile benchi la nusu saa, yakiwa na picha za watoto wa rangi yetu. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa vya kazi mwaka 2023 waongezewe somo hili, kwa sababu wao ndio wanaofika mlangoni siku ya nane. Na mama akirudi na mtoto mwenye vipele asikaripiwe kwamba anasumbua. Aandikiwe kitabuni kilichotokea na tarehe yake, na panapostahili fomu ijazwe na kupelekwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo kazi yake ni kupokea taarifa hizo.

Bibi wa wajukuu wanne,
Kisauni, Mombasa